Saa Mbili na Dakika Kumi

Fundi Nurudin alikuwa mtu wa kupima mara tatu ndipo akate, na hata akishakata alirudisha rula palepale kuhakikisha. Kujalidi vitabu alijifunza kwa kuvifumua vilivyojalidiwa na wengine. Kompyuta alijifunza hivyohivyo, kwa kuiharibu na kuirudishia. Duka lake lilikuwa Mabatini, limebanwa kati ya muuza vipuri vya pikipiki na mama wa mitumba, na juu ya meza, kando ya gundi na sindano za kushonea karatasi, palikuwa na kompyuta mpakato kuukuu aliyoitumia kwa jambo moja tu: kuandika katika Kapu.

Kapu ni kamusi elezo ya mtandaoni. Inaandikwa na watu wanaojitolea, haimlipi mtu, na yeyote mwenye simu anaweza kuongeza au kupunguza. Ndivyo wanavyojinadi. Kuongeza kweli ni rahisi. Kazi iko kwenye kubakisha ulichoongeza. Juu ya wahariri wapo wakabidhi, watu wachache walioshika funguo, na mkabidhi akiona neno lako halina chanzo hulifuta kabla chai yako haijapoa. Nurudin hakuwahi kulalamika. Kwa miaka tisa alikuwa ameandika juu ya samaki, miti, mito na madaraja, kila sentensi na chanzo chake kama shati na vifungo vyake.

Sihaba, mkewe, alikuwa na neno moja kuhusu habari hiyo. "Wenzio wanajitolea damu," alisema. "Wewe unajitolea kubishana."

Jumatatu moja aliingia dukani mwanamke wa makamo, kanga kiunoni, harufu ya dagaa ikimtangulia. Akaweka mezani kaunta buku lililovimba, kurasa zake zimejikunja kama majani ya mgomba mkavu.

"Fundi, hili linaokoka?"

Nurudin akalifungua taratibu. "Liliwahi kulowa?"

"Lilizama. Na mwenyewe alizama nalo, akatoka nalo, amelifunga kwa nailoni tumboni."

Aliitwa Atieno, mfanyabiashara wa dagaa pale Kirumba mwaloni, boti za wavuvi zinapotia nanga. Mwenyewe aliyezama na daftari alikuwa baba yake, Mzee Ojuok, Mjaluo wa Shirati aliyekuja Mwanza kijana na kuendesha boti za abiria miaka ishirini na moja. Mwaka 1987 boti yake iliyoitwa Tausi, iliyotoka mwalo wa Nyanzumbi upande wa Magu kwenda visiwani, ilipinduliwa na dhoruba ikiwa na abiria thelathini na wanne. Kumi na mmoja walikufa. Ishirini na watatu waliokoka, na wengi wao waliokoka kwa sababu Ojuok alikwenda na kurudi majini na kamba menoni mwake na kamba nyingine kiunoni, hadi misuli ya bega ilipochanika. Mkono wake wa kushoto haujapanda juu ya sikio tangu siku hiyo.

"Sasa Nyanzumbi wamepata boti ya uokoaji," Atieno alisema. "Mwenyekiti wa kamati ya mwalo, Masalu, ndiye aliyesema ipewe jina la baba. Watu wakapiga makofi. Halafu katibu akatoa simu. Kuna kitu kinaitwa Kapu, sijui unakijua?"

Nurudin alikuwa akipapasa uti wa daftari. Hakusema anakijua wala hakijui.

"Wakasoma mbele ya watu wote. Ati Nahodha Ojuok aling'oa nanga saa nane usiku, wakati safari za usiku ni marufuku. Ati ndiyo sababu watu walikufa. Masalu akalikata jina. Boti inapakwa rangi Jumatatu ijayo, na baba ana miaka sabini na minane, fundi. Sitaki lisomwe jina lake makaburini tu."

"Na hili daftari?"

"Ndilo la safari zake. Nilitaka ulishone, nilipeleke, wasome wenyewe. Angalia mwisho."

Ukurasa wa mwisho wenye maandishi ulikuwa na mstari mmoja, wino umetawanyika lakini unasomeka: tarehe, idadi ya abiria, na saa. *2.10 asubuhi.*

Atieno alipoondoka Nurudin alifungua Kapu. Makala ya ajali ile ilikuwepo, aya nne. Aliisoma mara tatu, kwa kawaida yake. Boti iliondoka "saa nane na dakika kumi usiku". Ilipinduka "saa tisa na dakika arobaini na tano usiku". Na baadhi ya manusura walivutwa ufukweni "na wanawake waliokuwa wakianika dagaa juani".

Akaacha kusoma. Tangu ziwa lile liwe ziwa, dagaa huvuliwa usiku kwa taa na huanikwa mchana kwa jua. Hata mtoto wa chekechea Mabatini, ambaye dagaa amewaona sahanini tu, analijua hilo. Lakini makala ilikuwa imekaa hivyo mwaka wa tano, imesomwa na maelfu, imehaririwa mara kumi na saba. Mhariri mmoja aliongeza koma. Mwingine aliiondoa. Wa tatu aliirudisha koma na kumwachia wa pili onyo.

Nurudin akarekebisha saa, akaeleza chanzo: daftari la safari la nahodha. Dakika nne baadaye yote yalirudi yalivyokuwa, na chini yake pakawa na ujumbe:

"Salamu mhariri mwenzangu. Hariri yako imerejeshwa. Daftari la familia halijachapishwa, hivyo si chanzo. Tazama Kanuni ya 4. Amani."

Hilo "amani" lilikuwa la Rahim. Aliliweka mwisho wa kila alichofuta, kama mtu anayeimwaga supu yako halafu akakupa kitambaa ujipanguse. Rahim alikuwa mkabidhi, kijana wa thelathini na kidogo, mwalimu wa kompyuta katika chuo fulani mjini, na mzaliwa wa hapohapo Mabatini. Ripoti yake ya mwisho ya chuo ilijalidiwa na Nurudin bila malipo, jalada jekundu, herufi za dhahabu.

Nurudin hakukasirika upesi. Hakuwa na kipaji hicho. Na Kanuni ya 4 aliijua. Yeye mwenyewe alikuwa amewafutia watu kwayo, pengine mara mia. Akaandika: "Nakubali. Lakini makala inasema dagaa walikuwa wakianikwa juani saa kumi usiku. Jua lipi?"

Jibu: "Hiyo ni hoja yako binafsi, si chanzo. Amani."

Basi akafanya alivyozoea kufanya kitabu kikimletea shida: akafumua hadi kwenye uzi. Saa nane usiku ilitoka wapi? Chini ya makala palikuwa na chanzo kimoja, tasnifu ya mwanafunzi wa ng'ambo juu ya ajali za majini, kurasa mia tatu za Kiingereza. Kiingereza cha Nurudin kilikuwa cha kusoma, si cha kusema, nacho hakikuwa cha haraka. Siku mbili alikaa na tasnifu hiyo na kamusi. Ukurasa wa mia moja na themanini akaikuta Tausi: imeondoka "2:10 a.m." Na juu ya nukta palikuwa na kitarakimu kidogo kilichompeleka mkiani mwa ukurasa, kwenye jina la gazeti: *Tanga la Ziwa*, 19 Machi 1987.

Gazeti hilo lilikufa zamani. Lakini maktaba ya parokia moja mjini ilikuwa na mafungu yake, na Nurudin alilijua hilo kwa sababu ndiye aliyeyajalidi, miaka kumi na miwili nyuma. Fungu la '87 lilikuwa la kitambaa cha kijani. Alhamisi alifunga duka mapema akaenda. Ukurasa wa kwanza, safu ya kushoto: "Boti Tausi iliyoondoka Nyanzumbi saa 2.10 asubuhi ilipinduka saa 3.45 baada ya kupigwa na dhoruba ya ghafla."

Hapo akaketi, akayapanga mambo kichwani moja baada ya jingine, asimwonee mtu. Mwandishi wa gazeti aliandika saa ya watu wa hapa: mbili na kumi, jua limeshapanda, watoto wako darasani. Akaja msomi kutoka mbali akaiona mbili, akaona asubuhi, akaandika mbili ya kwao, ambayo kwao ni giza totoro. Naye alikuwa mgeni, na mgeni hapigwi kwa kukosea mlango. Kisha akaja Rahim wa Mabatini, mwandishi wa kwanza wa makala ile, aliyenyonya saa mbili hii pamoja na maziwa ya mama yake, akaichukua saa ya mgeni na kuitafsiri kwa usahihi kabisa, bila kosa hata moja, kuwa saa nane na dakika kumi usiku. Jua lilivushwa ng'ambo likarudishwa nyumbani likiwa mwezi, na forodhani hakuna aliyeuliza.

"Sasa amekwisha," Sihaba alisema alipoonyeshwa picha ya gazeti. "Hilo si daftari. Hilo limechapishwa."

"Tutaona," Nurudin alisema.

Jumamosi palikuwa na kongamano la wahariri wa Kapu wa Kanda ya Ziwa, katika ukumbi wa hoteli wenye viyoyozi vinavyonguruma. Walihudhuria kumi na mmoja. Kila aliyeingia alipewa fulana ya bluu yenye maandishi MAARIFA NI YA WOTE. Walizungumza asubuhi nzima juu ya nembo. Suala la Tausi liliwekwa chini ya "mengineyo", dakika tano, kabla ya sambusa.

"Shikamoo, mzee wangu," Rahim alisema kwa adabu zote, akamvutia kiti.

"Marahaba, Rahim."

Nurudin akaeleza kwa sauti yake ndogo: tasnifu imetoa saa kwenye gazeti, gazeti ni hili hapa, someni. Nakala zikazunguka. Rahim akaisoma ya kwake, akaitikia kwa kichwa, akatabasamu kama mganga aliyeletewa jogoo.

"Nashukuru sana, Mzee Nuru. Hii inatusaidia. Gazeti linasema asubuhi, tasnifu inasema ei-em. Ei-em ni asubuhi. Mimi sioni ugomvi."

"Basi andika asubuhi."

"Siwezi. Ei-em ya saa mbili, kwa Kiswahili, ni saa nane usiku."

"Lakini gazeti ni la Kiswahili tangu mwanzo."

"Ndiyo, ila mtafiti ametumia saa ya kimataifa."

"Mtafiti ameisoma saa yetu akaiandika kama yake. Amekosea, basi."

"Hilo umelichapisha wapi?"

"Sijalichapisha. Naliona."

"Ahaa." Rahim aliwageukia wenzake, mikono wazi. "Mnaona wenyewe. Hiyo ni shahada ya uzamivu, ilisimamiwa na maprofesa watatu. Sisi ni nani tumkosoe? Gazeti la siku ileile ni chanzo ghafi, na kazi yetu si kufasiri vyanzo ghafi. Kazi yetu ni kunukuu waliofasiri."

"Hata wakifasiri vibaya?"

"Mpaka atokee mwingine achapishe kwamba wamefasiri vibaya."

Nyuma ya Rahim palikuwa na bango kubwa la kitambaa. Nurudin akalitazama, akalisoma mara tatu.

"Rahim, mwanangu. Bango lako linasema tuanze saa ngapi?"

Rahim hakuhitaji kugeuka. "Mbili na nusu asubuhi."

"Na wewe umefika saa ngapi?"

"Mbili na nusu. Mbili na ishirini na tano, kusema kweli."

"Walinzi walikufungulia geti na tochi?"

Kicheko kikapasuka, hata mpiga picha alicheka. Rahim akasubiri kiishe, uso haujabadilika.

"Bango," alisema, "si chanzo."

Nurudin akawatazama wale wengine tisa mmoja mmoja, watu wazima, wenye saa mikononi, waliofika hapo wote jua likiwa juu kwa mwaliko wa saa mbili na nusu. Wakatikisa vichwa kwa huzuni. Kweli, bango si chanzo.

Ndipo akasimama Hellen, mwalimu wa jiografia wa sekondari, mtu wa kupenda amani ya kweli na si ile ya Rahim. "Jamani, mbona tunaumizana? Tuweke zote mbili. Kapu haliegemei upande."

Wazo likapendwa papo hapo, kama yanavyopendwa mawazo yote yanayoleta sambusa karibu. Wakapiga kura. Saba walikubali, watatu walikataa, mmoja alikuwa simuni. Rahim akaandika hapohapo mbele yao, kwenye ukuta uliomulikwa na projekta, herufi kubwa: *Boti iliondoka kati ya saa nane usiku na saa mbili asubuhi, vyanzo vinatofautiana.*

Saa sita nzima. Boti ile maskini ilikuwa ikiondoka kwa saa sita, abiria thelathini na wanne wameketi, injini inaunguruma, nahodha anangoja kanuni.

Wakapiga makofi, wakapiga picha ya pamoja. Nurudin aliichukua fulana yake. Ilikuwa pamba nzuri, nyepesi, na Jumapili asubuhi aligundua kwamba inafuta gundi kuliko kitambaa chochote alichowahi kununua.

Mchana wa siku hiyo alikwenda Nyanzumbi pamoja na Atieno. Walimkuta Masalu mwaloni, mtu mnene wa miaka hamsini na ushei, anasimamia upimaji wa sangara. Alisikiliza bila kuondoa macho kwenye mizani, kisha akatoa simu, akafungua Kapu, akasoma midomo ikichezacheza.

"Wamebadilisha," alisema. "Lakini wanasema vyanzo vinatofautiana. Sasa ndugu yangu, wasomi wenyewe wakitofautiana, sisi wa mwaloni tutaamuaje? Tulishawaza tuiite Umoja tu."

"Umoja!" Atieno alisema. "Kila boti ni Umoja. Ziwa zima limejaa Umoja, na zinagongana."

"Dada, mimi sina ubaya na mzee."

Nurudin akampa nakala ya gazeti. Masalu akaisoma kwa sauti, kidole chini ya mstari. "Iliyoondoka Nyanzumbi saa mbili na kumi asubuhi." Akarudia. Akainua uso. "Si ndiyo hii? Saa mbili asubuhi. Usiku umetoka wapi?"

"Kuna waliosoma hapo wakaona usiku."

"Asubuhi imeandikwa, wakaona usiku? Watu wa namna gani hao?"

"Wapo, mwenyekiti. Na fulana wanazo."

Atieno aliangua kicheko, na Masalu akacheka naye, tumbo likitikisika, kisha kicheko kikamfia mdomoni. Akaikunja karatasi. Akaikunjua tena.

"Mimi niliiona," alisema.

"Uliona nini?"

"Tausi. Nilikuwa kijana, nachunga ng'ombe wa baba pale mteremkoni. Niliiona ikiondoka. Jua lilikuwa limetoka, maana nilikuwa nimeshawanywesha ng'ombe."

Atieno alimgeukia. "Uliiona kwa macho yako. Na mkutanoni ukalikata jina la baba yangu."

"Ilikuwa imeandikwa, dada."

"Macho yako si yako?"

"Nilidhani nimesahau," Masalu alisema. "Ukikuta imeandikwa, unadhani ni wewe umesahau."

Nurudin aliinamisha kichwa akatazama viatu vyake. Kwa Rahim alikuwa ameona dharau ikimpanda, nayo ilikuwa dharau nyepesi, ya kucheka. Hii ilikuwa nyingine. Mtu ameliona jua kwa macho yake, akalizima kwa sababu simu ya katibu imesema giza.

"Kesho lete mzee," Masalu alisema hatimaye. "Jina litapakwa. Mimi nitasimama mbele ya watu niseme nilichokiona."

Jumatatu boti ilikuwa imepandishwa mchangani, nyeupe, inanuka rangi. Fundi wa rangi alikuwa amepiga mistari ya penseli ubavuni na kuanza herufi ya kwanza. Mzee Ojuok aliketi kwenye kiti cha plastiki, mrefu hata akiwa amekaa, mkono wa kushoto umelala pajani. Atieno alikuwa amemvalisha koti. Nurudin akamsogelea na daftari, limeshonwa upya, uti mpya wa ngozi nyeusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ndiye fundi?" Akalipokea, akaligeuzageuza, akaupinda uti kuona kama unarudi. Ulirudi. "Umelishona vizuri. Ila umelishona na uongo wake ndani."

"Uongo gani, mzee?"

Ojuok alifungua ukurasa wa mwisho, akaweka kidole gumba juu ya ule mstari. "Mbili na kumi. Hii ni ya ratiba. Niliiandika kabla ya chai, kama kila siku. Ukishashika usukani huandiki. Manahodha wote tulifanya hivyo, na yule wa gazeti alikuja hospitali akanakili kutoka humuhumu."

"Kwa hiyo hamkuondoka mbili na kumi?"

"Mama mmoja alipiga kelele kule juu mteremkoni. Ana mtoto mgongoni na tenga la kuku. Nikamsubiri. Kuku mmoja akatoroka, wakamkimbiza, watu wakacheka, na mimi nikacheka. Tukaondoka mbili na dakika arobaini." Alisema polepole, kama anayehesabia watoto. "Safari ile ni saa moja na nusu. Dhoruba ilikuja saa tatu na dakika arobaini na tano. Wewe ni mtu wa hesabu. Jumlisha."

Nurudin akajumlisha. Mbili na kumi, ongeza saa moja na nusu: tatu na dakika arobaini. Kwa saa ya ratiba, dhoruba ingewakuta wanashusha mizigo. Saa zote mbili zilikuwa kwenye gazeti, mstari mmoja, na yeye apimaye mara tatu alikuwa amezisoma, amezipiga picha, amezitetea mbele ya watu kumi, wala hakuuliza safari ile ni ndefu kiasi gani.

"Na yule mama?" aliuliza.

"Mtoto nilimtoa. Yeye sikumpata."

Atieno alikuwa amesimama nyuma ya kiti. Ilionekana wazi kwamba hakuwahi kuyasikia hayo. Fundi wa rangi alikuwa ameshamaliza OJU. Brashi ikabaki hewani.

"Iandike hiyo," mzee alisema, "huko kwenye kapu lenu. Kama wanataka kunilaumu wanilaumu kwa langu. Usiku sikuwahi kuondoka. Kuchelewa nilichelewa."

Nurudin alifungua kinywa, na neno lililokuwa tayari ulimini lilikuwa *chanzo*. Gazeti lilikuwa dhidi ya mzee. Tasnifu ilikuwa dhidi yake. Hata daftari lake mwenyewe, kwa mwandiko wake mwenyewe, lilikuwa dhidi yake. Upande wake palikuwa na mdomo mmoja tu wenye meno machache, na Kanuni ya 4 inasema nini juu ya midomo Nurudin aliijua kwa moyo. Kidogo tu amwambie. Kidogo tu aongeze na "amani".

Akakifunga kinywa. Akatoa kalamu mfukoni.

"Iandike mwenyewe, mzee. Hapo chini ya mstari ule. Usiukate, uache. Andika ilivyokuwa, utie saini."

"Watakubali?"

"Hawatakubali."

"Sasa ya nini?"

"Ili atakayefuta ajue anafuta nini."

Ojuok alifikiri juu ya hilo. Kisha akaliweka daftari gotini na kuanza, herufi moja moja, mkono wa kulia ukilivuta neno kama kamba. Fundi wa rangi akamgeukia Masalu.

"Mwenyekiti, niendelee?"

Masalu alimtazama mzee. Mzee hakuinua kichwa. "Waulize kama wanataka boti ya mtu aliyechelewa," alisema huku anaandika.

"Aliyesubiri, baba," Atieno alisema, na sauti yake haikuwa ya kubembeleza. Ilikuwa ya mwanamke anayesahihisha mizani ya mwenzake sokoni.

"Paka," Masalu akasema.

Brashi ikashuka, ikazungusha O, ikaanza mguu wa K. Ojuok alifika mwisho wa mstari wake, akasita.

"Sasa ni saa ngapi?"

Nurudin alitazama saa yake mara moja tu. "Tatu na robo, mzee."

"Asubuhi," mzee alisema, akaliandika na hilo pia.